Makufuli Matatu ya Nakaloke

Ukitoka Mbale kwa barabara ya Soroti, ukaliacha geti la Chuo Kikuu cha Kiislamu pale Nkoma, ukapita Namunsi, nchi inalala tambarare ghafla. Mlima Wanale unabaki nyuma yako upande wa kulia, na mbele ni ardhi bapa inayokwenda Kachumbala, Kumi na kote kwa Wateso. Nakaloke iko hapo, mahali ambapo mlima umeshaisha na Teso haijaanza. Miaka ninayoikumbuka mimi, 2017 na 2018, ilikuwa na maduka ya mabati pande zote mbili za lami, misikiti, mashine za kusaga mahindi zilizoanza kunguruma alfajiri, na vijana wa boda boda waliokuwa wamekwisha kukadiria nauli yako kabla hujafungua mdomo.

Lugha zilikutana hapo pia: Kigisu, Kigwere, Kiteso, Kiganda cha biashara, na Kiswahili. Sehemu nyingi za Uganda niliwakuta watu wazima wanaokikwepa Kiswahili kwa sababu kiliwakumbusha wanajeshi wa enzi za Amin. Upande wa Mbale kilikuwa na maisha mengine. Kilikuwa lugha ya sokoni, ya madereva, na ya Wakenya wanaovuka Malaba na Lwakhakha. Nami nilikuwa mmoja wao. Kwetu ni Bungoma, na Kibukusu changu na Kigisu chao vinasikilizana. Ukisema mulembe upande wowote wa mpaka ule, unaitikiwa. Nadhani ndiyo sababu nilipelekwa huko badala ya kubaki Kampala na wenzangu.

Kampuni iliyoniajiri ilitengeneza programu ya simu kwa ajili ya vikundi vya akiba vya vijijini. Cheo changu kilikuwa mwenye bidhaa: mtu anayekaa kati ya wahandisi, mfadhili na watumiaji, mwenye orodha ya kazi mkononi, anayeamua kipi kijengwe kwanza, kipi kingoje, na kipi kisijengwe kabisa. Kazi hiyo ilizaliwa mbali na sisi. Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliueleza hadharani mtindo wa Scrum mwaka 1995, na mwaka 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani fupi ya namna ya kutengeneza programu kidogo kidogo huku ukimsikiliza anayeitumia. Mafunzo niliyopata Nairobi yaliichukulia ilani hiyo kwa namna moja tu: mtumiaji ni mtu mmoja, ana simu yake, na ana dakika tano za kukupa. Nakaloke mtumiaji wangu alikuwa watu kama thelathini chini ya mwembe, wenye simu moja ya kikundi, na mkutano wa saa mbili ambao haukuwa na nafasi hata ya dakika moja ya kunipa.

Wala hatukuwa wa kwanza kufika na simu. Mzee mmoja mwenye duka la mbegu na dawa za mimea, siku nilipojitambulisha, aliniuliza kama mimi ni wa zile simu za wakulima. Nilikuja kuelewa baadaye. Kati ya 2008 na 2009 Grameen Foundation ilijaribia Mbale na Bushenyi mpango wa kuwapa wakulima wachache simu ili wawasaidie majirani kwa habari za kilimo. Mwaka huo huo wa 2009 MTN ikaanza kuhamisha pesa kwa simu Uganda. Kwa hiyo pale nilipokuwa naandaa utangulizi mrefu kuhusu faida za teknolojia, nilikuwa nawaandalia watu waliokutana nayo kabla mimi sijapata kazi yangu ya kwanza. Nilifuta ukurasa huo wa kwanza na sikuurudisha. Nilianza kuhudhuria mikutano bila kusema kitu, na ndipo mambo yalipoanza kunoga.

Kikundi cha akiba cha aina hiyo msomaji wa Kenya angekiita chama, wa Tanzania vicoba. Muundo wake ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima. Hauna benki. Una sanduku la chuma lenye makufuli matatu, na funguo zake ziko kwa wanachama watatu ambao si viongozi. Anayelala na sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku. Kila mwanachama ana namba, na anakaa kwa mpangilio wa namba yake. Sanduku linafunguliwa mbele ya wote tu. Hisa zina bei moja mliyokubaliana, na kila mkutano mtu ananunua kuanzia moja hadi tano, zinapigwa mhuri kwenye kitabu chake kidogo. Mkopo hauzidi mara tatu ya akiba yako. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa, na kuna faini: ya kuchelewa, ya kupiga soga, ya simu kulia. Baada ya mwaka hivi, kila kitu kinagawanywa na sanduku linabaki tupu.

Hayo yote nilikuwa nimeyasoma Kampala. Nisilolisoma ni sauti. Sanduku likishafunguliwa, katibu hasomi salio la wiki iliyopita, anauliza. Wanachama ndio wanaolitaja kwa pamoja, kwa nguvu, na baadhi yao walikuwa wamepewa kazi hiyo mkutano uliopita: wewe kumbuka mfuko wa mikopo, wewe kumbuka mfuko wa jamii. Kisha wahesabu wanazimwaga noti kwenye beseni, wanahesabu kwa sauti, na watu wanahesabu pamoja nao. Namba ya beseni ikilingana na namba ya midomo, mkutano unaendelea. Isipolingana, hakuna kinachoendelea. Mkutano unafungwa kwa namna hiyo hiyo, namba mpya inatajwa na kurudiwa mpaka imekaa. Wanawake ambao hawakuwahi kushika kalamu walitoka pale wakijua hesabu ya kikundi hadi shilingi mia ya mwisho. Huko Niger, mwanzoni kabisa, vikundi vingi viliendeshwa hivyo bila daftari lolote.

Programu yetu ilikuwa imetengenezwa ili kuondoa hayo. Katibu angeingiza hisa, simu ingejumlisha, na salio lingetokea kwenye kioo kwa rangi ya kijani. Mkutano wa saa mbili ungekwisha kwa dakika arobaini. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye ombi la ufadhili. Na kweli, katika kikundi cha kwanza kilichoanza kuitumia, mkutano ulifupika. Watu walikaa wakimtazama katibu akibonyeza. Watoto walilia, mmoja akasinzia, mwenyekiti akaenda pembeni kupokea simu na hakutozwa faini. Lilipotangazwa salio, hakuna aliyelirudia. Wiki iliyofuata katibu alipouliza salio, watu waliiangalia simu.

Mweka hazina wa kikundi hicho alikuwa Hajati mmoja wa makamo, muuza maharage na dagaa, mwenye mazoea ya kumwita kila mtu mtoto wake, hata mwenyekiti aliyemzidi umri. Aliniketisha kwenye mkeka baada ya mkutano.

"Mwanangu, hii simu ikiharibika?"

Nikamweleza kwamba kumbukumbu zote ziko Kampala, kwenye mtambo, haziharibiki.

"Sikuulizi za Kampala. Nauliza zetu ziko wapi."

Hilo swali nililiandika kama lilivyo na kulituma ofisini kabla ya kitu kingine chochote. Ofisi ilitaka kulijibu kwa kuboresha programu: tuongeze nakala ya pili kwenye simu, tuongeze uwezo wa kufanya kazi bila intaneti. Wahandisi walikuwa wakarimu hivyo. Ukiwapa swali wanakupa kitu cha kujenga. Nami niliona kwamba hapa hapana cha kujenga. Kilichotakiwa ni kupanga upya nani anatangulia. Tukakubaliana, baada ya mabishano ya barua pepe ambayo sitamani kuyasoma tena, kwamba simu inakaa ndani ya mfuko mpaka hesabu ya mdomo na ya beseni iishe, katibu aandike kwenye daftari, na daftari ndilo linalonakiliwa kwenye simu mwishoni. Zikitofautiana, daftari ndilo la kweli. Programu ikalazimika kumruhusu katibu aandike salio la daftari na maelezo ya tofauti, badala ya kumkatalia. Kwa mhandisi hiyo ni dhambi: unaruhusuje binadamu ashinde jumla iliyopigwa na mashine? Lakini jumla ya mashine ilitokana na vidole vya mtu mmoja. Ya beseni ilitokana na macho ya watu thelathini.

Kipimo cha dakika arobaini kilikufa siku hiyo. Mfadhili aliuliza, kwa adabu, faida ya programu ni ipi basi. Lilikuwa swali la haki. Faida yake ilikuwa siku ya mgao. Kugawanya hisa za mwaka mzima pamoja na riba na faini, kwa kalamu, kulikuwa kukichukua siku nzima na kuzaa ugomvi wa familia. Simu ililifanya hilo kwa dakika chache, na kila mtu angeweza kulihakiki kwa kitabu chake. Programu nzima, kwa maoni yangu, ilistahili kuwa kitu cha siku moja kwa mwaka na nakala ya daftari kwa siku nyingine zote. Hakuna ombi la ufadhili litakaloandikwa hivyo.

Niseme pia habari ya yule katibu. Nilipokuwa nauliza maswali, aliyejibu ni mwenyekiti, mwanamume mwenye sauti na kalamu mbili mfukoni. Alijibu vizuri, tena kwa Kiswahili safi. Katibu, binti aliyekuwa ameishia kidato cha nne, hakusema kitu. Lakini daftari lake lilisema. Alikuwa ameongeza kwa rula safu moja ambayo haikuwemo kwenye daftari lililochapwa na shirika, na ndani yake kulikuwa na alama ndogo. Programu yetu ilijua hali mbili za mwanachama, yupo au hayupo. Yeye alijua ya tatu: ametuma. Mama ana mgonjwa hospitali ya Mbale, amemtuma mtoto na elfu nne. Baba yuko shamba la mpunga, amemtuma shemeji. Aliyetuma hatozwi faini ya kutokuja, lakini hawezi kuomba mkopo siku hiyo. Kanuni hiyo haikuandikwa katika katiba yao, na mwenyekiti hakuitaja kwa sababu hakuwahi kuihitaji. Kwenye takwimu za Kampala watu hao walionekana watoro. Tangu hapo nilijiwekea tabia ambayo sijaiacha: naomba kuona karatasi ambayo mtu ameichora mwenyewe, na naanza nayo kabla ya mahojiano.

Katika orodha niliyoikuta, kazi iliyokuwa juu kabisa ilikuwa ujumbe mfupi wa salio. Kila mkutano ukiisha, kila mwanachama apokee kwenye simu yake kiasi alichoweka na jumla aliyonayo. Mfadhili aliipenda mno kwa kuwa ujumbe unahesabika. Unaweza kuandika kwenye ripoti kwamba umetumwa mwingi namna gani. Nilipowasomea wanawake mfano wa ujumbe huo, kilipita kicheko ambacho sikukielewa mara moja. Hajati akanihurumia.

"Mume wangu anajua nina akiba. Hajui ngapi. Sasa wewe umuandikie?"

Nyumba nyingi zilikuwa na simu moja, na si ya mama. Zaidi ya hayo, mwaka ule wa 2017 serikali ilikuwa imeamuru laini zote zihakikiwe kwa kitambulisho cha taifa, na mara nyingi mwenye kitambulisho nyumbani ndiye aliyesajili laini za wote. Ujumbe uliokusudiwa kumpa mama uhakika ungeishia mkononi mwa mtu mwingine, usiku, mezani. Wengine wangenyamaziwa tu. Wengine wasingenyamaziwa.

Kumwambia mfadhili kwamba akina mama wanaficha akiba kusingesaidia. Lingegeuka mada ya semina ya jinsia. Nikaandika sababu moja: ujumbe huu unapeleka siri ya mwanachama kwa mtu asiye mwanachama. Sheria ya Uganda ya kulinda taarifa binafsi ilikuja 2019, baada ya hapo, ila neno siri lilitosha. Kazi hiyo iliondolewa. Ilikuwa imeshagharimu mizunguko kadhaa ya kazi ya wiki mbili mbili, na mhandisi aliyeijenga hakunisemesha kwa muda.

Ndiye huyo huyo niliyemleta Nakaloke. Nilimwombea ruhusa kwa kisingizio cha kujaribu toleo jipya. Tulipanda taksi Kampala, akala nyama ya mshikaki pale Namawojjolo, tukavuka Nile Jinja juu ya bwawa la Owen Falls huku daraja jipya likiendelea kujengwa kando, tukaingia barabara ya Tirinyi pale Nakalama. Njia nzima alikuwa na vipokea sauti masikioni. Kesho yake nikamketisha kwenye mkutano wa kikundi cha akina mama wa karibu na msikiti, nikamwomba jambo moja tu, asimsaidie katibu.

Kikundi hicho kilikuwa na tatizo ambalo nililiandika kwenye orodha mapema, likakaa huko kwa miezi. Hawatozi riba. Mkopo wa laki unarudi laki. Pesa za kikundi zilizaliana kwa njia nyingine: wakati wa mavuno walinunua maharage kwa fedha za pamoja, wakayauza bei ikipanda, wakagawana faida. Programu ilidai riba iwe zaidi ya sifuri, la sivyo haifungui mzunguko. Katibu, mwanamke wa vitendo, akaandika asilimia 1 ili apite, kisha akaendelea kuandika ukweli kwenye daftari. Huko Kampala watu waliovaa vizuri walikuwa wakisoma grafu ya riba isiyokuwepo duniani, na ripoti moja ikakisifu kikundi hicho kwa riba nafuu. Ajabu ni kwamba Bunge la Uganda lilikuwa limeshapitisha mabadiliko ya sheria ya kuruhusu benki za Kiislamu, yakaanza 2016, na chuo kikuu cha Kiislamu kilikuwa kilomita chache kutoka pale. Sheria ya nchi ilikuwa imefika kabla ya kisanduku chetu kimoja cha fomu.

Mhandisi alimtazama katibu akiandika 1, akamtazama akiandika 0 kwenye daftari, akamtazama tena. Hakuuliza kitu. Jioni ile, katika nyumba ya wageni Mbale, umeme ukikatika na kurudi, alibadilisha hesabu ya mgao ili ikubali sifuri na ikubali faida ya biashara kuingia kama mapato ya kikundi. Kabla ya kulala tatizo lilikuwa limekwisha. Miezi yote ile nilikuwa nimelieleza tatizo hilo kwa maneno mazuri, na yeye alikuwa ameyasoma maneno mazuri. Baada ya hapo niliacha kuandika maelezo marefu. Bajeti ya karatasi na mikutano ya mtandaoni niliihamishia kwenye nauli.

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa shufwa, na Mgisu au Mbukusu yeyote anajua maana yake. Imbalu, jando letu, hufanyika miaka ya shufwa, na upande wa Uganda hufunguliwa rasmi Mutoto, karibu na Mbale, mwezi wa Agosti. Kabla ya hapo kuna miezi ya vijana kuzunguka kwa jamaa wakicheza na kualika, kuna ulezi wa kulowekwa kwa pombe, kuna kuku, mbuzi, ng'ombe kwa anayeweza, na wageni wasio na idadi. Hata nyumba za Waislamu, ambazo hutahiri kwa utaratibu wao, zina mjomba fulani anayesubiri mchango. Kuanzia Juni mikopo iliongezeka, akiba ikashuka, na marejesho yakachelewa. Kwenye kioo cha mfadhili vikundi vyetu viligeuka vyekundu kimoja kimoja, na ikaja barua ndefu yenye mapendekezo: mafunzo ya nidhamu ya fedha, ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa, labda ukomo mpya wa mkopo.

Nilijibu kwamba ni mwaka wa shufwa, na nikaeleza. Programu haikuwepo 2016, kwa hiyo mtambo haukuwa na mwaka wa kulinganisha. Ulijua miezi kumi na kitu ya maisha ya watu wale na ukadhani ndiyo maisha yao yote. Vikundi vyenyewe vilikuwa vimejiandaa tangu Januari. Vingine viliandika katika kanuni zao kwamba mkopo wa Imbalu una ukomo wake na unarudishwa baada ya mavuno. Kimoja kiliwahisha mgao wake ili watu wawe na pesa zao mkononi kabla ya Agosti. Tulichobadilisha kwenye programu ni kidogo sana, kila kikundi kipange chenyewe tarehe za mzunguko na muda wa mkopo. Ule ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa niliukataa, na kwa hili nilikuwa mkali kuliko desturi yangu. Mtu anayetahirisha mwanawe anadaiwa na ukoo mzima. Hahitaji na simu imwimbie.

Ningekuwa Mganda wa Kampala au Mluo wa Kisumu, sijui kama ningeijibu barua ile haraka hivyo. Bahati ya kuzaliwa Bungoma ilifanya kazi ambayo cheti hakingeifanya, na sioni vibaya kukiri kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa ujuzi katika kazi hii ni kujua tarehe za watu.

Katikati ya mwaka huo huo ikaja kodi. Tarehe 1 Julai 2018 kila muamala wa pesa kwa simu ukatozwa asilimia 1, na kutumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine kama hiyo kukawa shilingi 200 kwa siku. Kodi ya pesa ilipunguzwa kabla ya mwaka kwisha, ikawa nusu ya asilimia moja na kwa kutoa pesa tu, lakini kwa miezi hiyo mawakala wa Nakaloke walikaa kwenye vibanda vyao wakisoma magazeti. Kwenye orodha yangu kulikuwa na mradi mkubwa wa kulifuta sanduku kabisa na kuweka akiba moja kwa moja kutoka simu hadi akaunti ya kikundi. Nilikuwa nimeusukuma chini mara kwa mara kwa sababu ya lile beseni na zile sauti, wala sikuiona kodi ikija. Julai hakuna aliyeuliza tena mradi huo uko wapi.

Ile shilingi 200 ndiyo iliyonigusa mimi zaidi. Makatibu walikuwa wakinitumia malalamiko kwa WhatsApp, ujumbe wa sauti, picha za kioo. Kikapita kimya. Mtu asingelipa mia mbili ili kuniambia kwamba kitufe hakibonyezeki. Nikarudi kwenye boda boda, kikundi hadi kikundi, mvua ya alasiri ikinikuta barabarani, na niligundua kwamba ujumbe wa WhatsApp ulikuwa ukiniletea vitu ambavyo katibu aliviona vinafaa kuletwa kwa mtu wa Kampala. Vingine alikuwa akivitatua mwenyewe kwa kalamu, bila kuona kuwa ni habari.

Mgao wa Desemba ulikwenda vizuri mahali pengi. Nilihudhuria wa kile kikundi cha kwanza. Simu ilipiga hesabu, watu wakaihakiki kwa vitabu vyao, mwanachama mmoja akadai amepunjwa hisa tatu, mihuri ikahesabiwa upya, akakutwa hajapunjwa, akatozwa faini ya kupoteza muda wa watu. Baada ya pesa kulikuwa na posho, yaani ugali, na nyama, na malewa, machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwenye mchuzi wa karanga, chakula ambacho mtu wa Bungoma hasubiri kukaribishwa mara mbili.

Mwaka uliofuata ufadhili ulikwisha. Kampuni ikageukia kazi nyingine, wahandisi wakagawanywa, na ikatangazwa tarehe ya kuuzima mtambo. Niliombwa kuandaa mpango wa kuwatoa watumiaji, waraka ambao kwa miradi ya aina hii huwa mnene, maana watu hupoteza kumbukumbu zao na mtu fulani lazima aeleze. Wangu ulikuwa ukurasa mmoja. Salio la kweli la kila kikundi lilikuwa tayari kwenye daftari lake. Kitu pekee kilichohitaji kubaki ni ile hesabu ya mgao, na mhandisi yule wa nyumba ya wageni aliiweka kwenye faili dogo linalofanya kazi ndani ya simu bila Kampala.

Siku ya kuzimwa kwa mtambo nilikaa karibu na simu, nikitarajia lawama. Aliyepiga ni mmoja tu, yule katibu wa safu ya tatu, jioni. Hakuwa amejua kwamba ni siku hiyo. Alitaka kujua kama nikija tena nitapitia Mbale mjini, kwa sababu daftari la kikundi lilikuwa limebakiza kurasa mbili, na yale ya dukani Nakaloke yana mistari myembamba isiyotosha safu zake. Nikamuuliza anahitaji safu ngapi. Akaanza kuzitaja, nami nikatafuta kalamu.